Puto tumboni, bahari katikati: uchambuzi wa kisa kutoka Wete

Kisa hiki kimetungwa kwa kufundishia. Mgonjwa si mtu mmoja. Ni mambo yanayowapata wenye puto la tumbo, mfuko wa maji unaowekwa tumboni kupunguza uzito, tukayaweka kwenye mwili wa mtu anayeishi Wete, kisiwani Pemba, kwa sababu maelekezo mengi ya puto huandikwa kana kwamba kila mgonjwa anakaa nyuma ya hospitali iliyomwekea.

Mgonjwa na uamuzi wake

Mwalimu wa skuli, mwanamke wa miaka 43, kilo 94, urefu sentimita 158. BMI yake, yaani uzito ukipimwa kwa urefu, ni 37.7. Ana kisukari cha ukubwani mwaka wa sita sasa, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kimesoma asilimia 8.4. Anakunywa metformini gramu 1 asubuhi na jioni, glibenklamidi miligramu 5 mara mbili kwa siku, na kidonge kimoja cha presha chenye losartani 50 na haidroklorothiazidi 12.5. Magoti yanamuuma akipanda ngazi. Ana watoto wanne, wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji, na kisu hakitaki tena: "Nimeshakatwa mara moja, yatosha."

Kwa vipimo hivyo, upasuaji ulikuwa haki yake. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inaupendekeza kuanzia BMI ya 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Upasuaji wa matundu madogo unaoondoa takriban robo tatu ya mfuko wa tumbo hushusha kiasi cha robo ya uzito wote wa mtu, na kisukari hupungua nao. Ipo pia njia ya kuushona mfuko kwa ndani kupitia mdomoni, bila tundu lolote kwenye ngozi. Utafiti wa MERIT, uliotoka kwenye Lancet 2022, ulionyesha waliofanyiwa walipoteza wastani wa asilimia 13.6 ya uzito kwa mwaka. Puto hushusha asilimia 10 hadi 15 kwa miezi sita, na sehemu ya hizo hurudi likishatolewa.

Kwa mwenye kisukari, basi, puto ndilo dhaifu kuliko yote hayo. Sisi tungemsukuma kwenye upasuaji. Lakini mtu mzima aliyekataa kisu akachagua puto hajakosea: kilo 12 zikishuka, dawa zake hupungua na magoti hupumua. Palipoharibika ni kwenye ratiba, na ratiba haikuwa kazi yake.

Puto lenyewe

Ni mfuko wa silikoni. Ukiwa mtupu umekunjwa mwembamba, hupitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa tumbo, kisha kamera ya endoskopi hufuata kuhakikisha puto lote limeshapita mlango wa umio. Hatua hii haina haraka, maana puto likijazwa likiwa bado nusu kwenye umio, umio huchanika. Likishakaa sehemu ya juu ya mfuko hujazwa maji ya chumvi ya dripu, mililita 400 hadi 700. Mwalimu huyu alijazwa 600, pamoja na mililita 10 za rangi ya methilini bluu ya asilimia 1, itakayobadilisha mkojo puto likivuja. Mrija huvutwa, kizibo hujifunga chenyewe, kamera huangalia kama kuna rangi inayovuja. Yote ni nusu saa, mgonjwa amelala ubavu wa kushoto kwa dawa nyepesi ya usingizi.

Kabla ya hapo kamera hutafuta mambo ya kulizuia: kidonda kibichi, mishipa iliyovimba kwenye umio, ngiri kubwa ya kiwambo, dalili za upasuaji wa zamani wa mfuko wa tumbo. Bakteria wa vidonda vya tumbo hupimwa na kutibiwa kwanza. Haya alifanyiwa vizuri.

Kipimo kimoja hakikufanywa, na kwetu mwambao huu si kipimo cha kuruka. Rangi ile ya bluu huvunja chembe nyekundu za damu kwa mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi iliyoenea pote malaria ilipokaa karne na karne. Mililita 10 za asilimia 1 ni miligramu 100 za rangi. Kwa mtu wa kilo 80 na kitu, hiyo ni zaidi kidogo ya miligramu 1 kwa kila kilo, kipimo ambacho hospitalini hutolewa kama dawa kamili. Puto likipasuka, anaimeza. Anayetumia fluoksetini, dawa ya sonona, au dawa za jamaa yake naye aulizwe mapema, kwani rangi hii hugombana nazo. Asiyefaa kwa rangi huwekewa puto la maji matupu, na hapo akubali kwamba kengele ya kuvuja hana.

Siku tatu za mwanzo

Aliwekewa tarehe 25 Januari, katika hospitali moja ya Bara. Akalala usiku mmoja. Asubuhi alipewa ruhusa na karatasi iliyoandikwa "endelea na dawa zako za kawaida", akapanda boti ya Unguja, kisha ya Pemba.

Kutapika kulianza saa sita baada ya puto kuwekwa, na hilo ni la kawaida kabisa. Mfuko wa tumbo umeingiwa na mzigo wa zaidi ya nusu kilo usioyeyuka, unajaribu kuutoa. Wengi hutapika au kuumwa na tumbo siku tatu za mwanzo, wachache hadi wiki. Tatizo la boti ni kwamba kichefuchefu cha puto na cha bahari huwezi kuvitenganisha, na aliyelala kwenye benchi amejifunika kanga hakuna anayemhesabia mara alizotapika. Alikuwa na ondansetroni za miligramu 4, vidonge vya kichefuchefu vya kumeza. Vilirudi na maji.

Alifika Wete jioni. Kesho yake alikunywa vikombe viwili tu vya maji siku nzima, na kwa kuwa ni mtu wa kufuata maelekezo, alizikazania dawa zake za kisukari na presha hata alipokuwa hawezi kushusha maji. Usiku wa siku ya tatu mtoto wake alimkuta amelowa jasho, anatetemeka, maneno hayashikani. Walidhani puto limepasuka.

Hospitalini sukari ilikuwa 2.7, chini mno. Kreatinini, kipimo cha figo, ilipanda hadi 152, na potasiamu ilishuka hadi 2.8.

Kila namba hapo ina mwenyewe. Sukari ni ya glibenklamidi: inaisukuma kongosho itoe insulini mtu awe amekula au hajala, na athari yake hudumu siku nzima, au zaidi figo zikichoka. Kreatinini ni ya kukauka maji kukiwa na losartani, ambayo huinyima figo njia yake ya kujikinga presha inaposhuka. Potasiamu imetoka kwa matapishi, na haidroklorothiazidi ikamalizia kwenye mkojo. Puto lenyewe lilikuwa zima.

Alipewa glukosi ya asilimia 10, mililita 200 kwa haraka, na thiamini miligramu 200 mshipani wakati huohuo. Thiamini husahauliwa sana. Anayetapika siku kadhaa humaliza akiba yake ya vitamini B1, na glukosi ikimwagwa juu ya upungufu huo ubongo unaweza kuumia: macho kucheza, mwendo wa kuyumba, kuchanganyikiwa. Ila sukari ya 2.7 haisubiri thiamini ipatikane, na ikiwa haipo karibu, glukosi hutangulia. Baada ya hapo dripu ya glukosi iliachwa saa 24, na hapa wengi hukosea: mgonjwa akizinduka na kuongea, dripu hutolewa, na alfajiri anaanguka tena kwa sababu kidonge bado kimo mwilini. Maji ya chumvi yalifuata, kila lita na potasiamu milimoli 20, isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono, baada ya kuhakikisha anakojoa. Ondansetroni ilibadilishwa ikawa sindano ya miligramu 8 kila saa nane, na buskopani miligramu 20 kwa maumivu ya kukaza.

Je, puto litolewe? Swali liliulizwa, na ni halali. Katika takwimu za puto la miezi sita, takriban wagonjwa 7 kwa kila 100 huishia kutolewa mapema. Kutapika kukipita siku saba licha ya dripu na sindano, hakuna haja ya kubembelezana. Yeye siku ya sita alishusha kikombe cha supu ya samaki iliyochujwa, ya nane alirudi nyumbani.

Marekebisho ya mpango huu hayana gharama ya ajabu. Glibenklamidi ingesimamishwa siku ile ile chakula cha maji kinapoanza, yaani siku moja au mbili kabla ya puto. Metformini ingepunguzwa nusu na kusimama kabisa siku za kutapika. Kidonge cha presha kingewekwa pembeni hadi awe anakunywa lita moja na nusu kwa siku, na amlodipini, dawa nyingine ya presha, kushika zamu. Dawa ya kichefuchefu iwe ile inayoyeyuka kwenye ulimi, tangu siku ya kwanza na kwa saa, bila kungoja atapike. Halafu usiku nne au tano karibu na hospitali, kwa ndugu au hata nyumba ya kupanga, kabla ya kugusa boti. Deksamethasoni husaidia kichefuchefu, lakini kwa mwenye kisukari sukari hupanda, basi aangaliwe.

Kula na puto

Wiki ya kwanza ni vya majimaji, kidogo kidogo mchana kutwa: maji, mtindi mwepesi, supu iliyochujwa, uji wa ulezi uliochujwa bila sukari, dafu, ambalo lina potasiamu nzuri ila lina sukari na lisizidi moja. Wiki ya pili na ya tatu ni vilivyopondwa: yai, choroko, samaki aliyechambuliwa miba. Vigumu huanza wiki ya nne. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, la sivyo kinachoshuka ni misuli.

Pweza, muhogo wenye nyuzi na chapati ya moto ndivyo vilivyomrudisha chooni kutapika. Wali wa nazi ulimkalia tumboni hadi usiku wa manane. Puto hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni, na chenye mafuta hukaa zaidi. Lakini kuna kitu puto halikioni kabisa, nacho ni sukari ya majimaji. Juisi ya miwa, soda, chai ya maziwa yenye vijiko vinne, shira ya kaimati, vyote hupita pembeni ya puto kama maji ya mvua kwenye mtaro. Mtu anayesema puto limemdanganya, mwulize anakunywa nini.

Ramadhani iliingia wiki ya sita. Kifamasia alikuwa salama kuliko mwaka uliopita, maana glibenklamidi ilishaondoka. Shida ilikuwa maji: kutoka futari hadi daku, ukitoa usingizi na tarawehe, zinabaki saa tano au sita za kuingiza lita moja na nusu kwenye tumbo linalokubali nusu kikombe kwa mara moja. Alifunga siku tisa, ya kumi akaona kizunguzungu akisimama, kreatinini imepanda kidogo, akala zilizobaki.

Kufikia mwisho wa Aprili alikuwa kilo 83. Baada ya hapo mizani ilikaribia kusimama, kama inavyotarajiwa: sehemu kubwa ya uzito hushuka miezi mitatu ya mwanzo, kisha mfuko wa tumbo hulizoea puto.

Omeprazoli na goti

Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miligramu 40 kwa siku, ni ya miezi yote sita. Yeye aliiacha mwezi wa tatu kwa kuwa kiungulia hana. Dawa hii inalinda pande mbili, ukuta wa tumbo unaosuguliwa na puto na puto lenyewe, kwani asidi huila silikoni taratibu. Mei goti lilimshika, akanunua diklofenaki, dawa ya maumivu inayochubua tumbo, duka la dawa, siku nne. Muuzaji hakuuliza, na angeuliza nini? Puto halionekani usoni. Maumivu ya moto chini ya kifua yalimfanya aache mwenyewe. Parasetamoli na dawa ya kupaka zingetosha.

Kusi

Miezi sita kutoka 25 Januari ni 25 Julai. Anayehesabu kwenye kalenda ya ukutani haoni kitu. Anayejua bahari ya Pemba anaona kusi imekaza, mkondo wa kati ya Unguja na Pemba umechafuka, na boti zinaweza kuahirishwa. Juu ya hilo ilikuwa likizo ya skuli na harusi ya binamu yake. Alipiga simu kuomba tarehe nyingine, akaambiwa atapigiwa. Hakupigiwa.

Tunasisitiza hapa kuliko pengine popote. Kwa mtu wa kisiwani tarehe ya kutoa puto huchaguliwa kabla ya tarehe ya kuliweka. Angewekewa mwisho wa Aprili, kutolewa kungeangukia mwisho wa Oktoba, bahari imetulia. Yapo pia maputo ya miezi 12, na yapo ya kumeza kama kidonge yanayojifungua na kutoka yenyewe baada ya takriban wiki 16, bila endoskopi. Hilo la kumeza humpunguzia mtu safari, lakini siku tatu za mwanzo ni zilezile.

Mkojo wa kijani

Tarehe 17 Agosti, siku ya 204, alikojoa mkojo wa kijani, kama maji yaliyoingia rangi ya nguo.

Pemba mkojo una historia yake. Mtoto akikojoa damu, mama anajua ni kichocho na anajua pa kumpeleka. Kijani hakimo kwenye elimu hiyo, hata kwa wahudumu. Kituo cha afya kilipima mkojo, mayai ya kichocho hayakuonekana, akapewa antibiotiki ya siku tatu kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Hakutaja puto kwa sababu aliona aibu, na hakuulizwa. Kadi ya puto ilikuwa kabatini.

Kwa mwenye puto lenye rangi, kijani kichukuliwe kwa maana moja: puto linavuja, rangi imeingia damuni na inatoka kwa figo. Kuanzia hapo saa zinahesabiwa. Puto lililojaa haliwezi kupita mlango wa chini wa tumbo, lakini lililonywea linaweza, na likishapita linakwama kwenye utumbo mwembamba. Hapo hakuna kamera itakayolifuata, ni chumba cha upasuaji. Huhama hivyo kwa takriban mtu 1 au 2 katika 100, na hatari hupanda miezi sita ikipita. Lengo ni kulitoa ndani ya siku moja au mbili. Yeye alipoteza tatu.

Siku ya nne daktari mmoja aliuliza, "Mama, kuna kitu umewekewa mwilini?" Ultrasaundi ikafanywa papo hapo. Haihitaji mtambo mkubwa: puto zima la mililita 600 huonekana ndani ya tumbo kama duara jeusi lenye ukingo mweupe, upana wa sentimita 10 hivi. Lake lilikuwa limepondeka, lina mikunjo, lakini bado liko tumboni. Laiti lisingeonekana tumboni, hatua ingekuwa CT, picha ya eksirei ya kompyuta, na simu kwa daktari wa upasuaji, hasa kukiwa na maumivu ya kukata, matapishi ya nyongo, tumbo kuvimba na upepo kutotoka. Damu ilipimwa wingi wake na G6PD, vyote sawa. Hiyo ni bahati. Alizuiwa chakula kigumu, akaruka kwa ndege siku iliyofuata. Puto la maji halitanuki angani, onyo la ndege ni la yale ya gesi.

Kulitoa

Kamera peke yake haitoshi. Pawe na sindano ndefu ya kutoboa kupitia endoskopi, mrija wa kufyonza, na koleo lenye makucha mawili. Na pawe na mtu wa nusu kaputi, kwa sababu tumbo lenye puto hubaki na chakula hata baada ya kufunga usiku mzima. Kawaida ni vya majimaji siku mbili hadi tatu kabla, na bila kitu kabisa saa 12 za mwisho. Huyu hakupata siku hizo kamili, na kamera ilipoingia ilikuta majani ya mchicha na nyuzi za muhogo. Alikuwa tayari amewekewa mpira wa kupumulia kooni. Bila mpira ule, chakula kile kingeweza kwenda mapafuni.

Sindano hutoboa puto likiwa limetulia, mrija husukumwa ndani, sindano hurudishwa, maji hufyonzwa hadi tone la mwisho. Yalitoka mililita 430. Ziliingia 610 pamoja na rangi, hivyo 180 zilivuja, karibu miligramu 30 za rangi. Kulivuta puto lenye maji yaliyobaki ndiko kunakochana umio. Kisha buskopani miligramu 20 mshipani kulegeza misuli, koleo likashika upande ulio kinyume na kizibo, na puto likavutwa polepole, kwa mkono usiolazimisha kwenye mlango wa juu wa tumbo. Ganda la fangasi lilikuwa limelifunika. Sehemu ya chini ya tumbo palikuwa na kidonda cha milimita 6, kisichotoka damu. Omeprazoli iliandikwa tena, wiki nane.

Novemba

Siku ya kutolewa alikuwa kilo 81.6, yaani amepoteza asilimia 13.2. Miezi mitatu baadaye ni 83.5, HbA1c 7.1, metformini pekee, na presha inashikwa na amlodipini. Glibenklamidi haikurudishwa, na hata sukari ikipanda tusingeirudisha, kwani huongeza uzito.

Ameomba puto la pili. Inawezekana kitaalamu, kidonda kikishapona, lakini puto la pili kwa kawaida hushusha kidogo kuliko la kwanza, na kisukari chake kitarudi kwenye mstari uleule. Amekubali kuonana na daktari wa upasuaji wa matundu madogo. "Kumsikiliza tu," amesema. Miadi imewekwa mwezi huu, na tiketi ya boti ni ya kwenda na kurudi, ya kurudi ikiwa siku sita baadaye.